UZI: Kuchagua programu ya kufuatilia mtandao mdogo wa nyumbani

#1 Mwanzisha uzi, Dar es Salaam

Wakuu, salaam. Anayetaka kufuatilia mtandao wa nyumbani kwake huanza kwa kuuliza jina la programu, naye hujibiwa kwa majina tele: Zabbix, Nagios, PRTG, LibreNMS, Prometheus na Grafana, Netdata, Uptime Kuma, na mengine. Programu zote hizo ni nzuri, ila kila moja ilitengenezwa kujibu swali lake. Ipo inayojibu kama kifaa kiko hewani au la, ipo inayojibu nani anamaliza bando, na ipo inayojibu kwa nini picha za kamera hukatika kila jioni. Ninaandika kwa ajili ya mtu mwenye nyumba ya kawaida: faiba au rauta ya laini ya simu, swichi ya porti nane, vituo viwili vya waifai, mashine ya kurekodia kamera nne, televisheni, printa na simu za wanafamilia. Msimamo wangu nauweka wazi tangu sasa. Kwa mtandao wa ukubwa huo, programu ndogo ya kuhakiki uhai wa vifaa, ikisaidiana na vihesabio vilivyomo ndani ya rauta, inatosha, na mifumo mikubwa ni mzigo ambao mwenye nyumba ataubeba bila kuona faida yake.

Kabla ya kutaja programu yoyote, tuangalie mahali inaposimama, kwa sababu programu haiwezi kuona kisichopita mbele yake. Swichi hupeleka kila pakiti (kipande cha data) kwenye porti ya mhusika peke yake. Kompyuta iliyochomekwa kwenye porti ya tatu haioni mazungumzo ya televisheni iliyo porti ya tano. Huona yake yenyewe, pamoja na matangazo machache yanayopelekwa kwa vifaa vyote. Ndiyo sababu mtu hufungua Wireshark kwenye laptopu yake (programu ya kunasa na kusoma pakiti, aliyoianzisha Gerald Combs mwaka 1998 kwa jina la Ethereal, ikabadilishwa jina mwaka 2006), akakodoa macho kwa saa nzima, na asipate jibu la nani anavuta filamu. Wireshark haina kosa, ila imesimama mahali pasipopita kitu. Ili ione zaidi, panahitajika swichi inayoweza kunakili trafiki ya porti moja kwenda porti nyingine, na swichi za bei nafuu zinazouzwa madukani kwetu kwa kawaida hazina uwezo huo.

Kifaa pekee kinachoona kila kitu kinachotoka na kuingia nyumbani ni rauta. Kwa hiyo swali la nani anamaliza bando hujibiwa na rauta, na programu nyingine yoyote huwa inasoma tu hesabu ambazo rauta imeshazifanya. Shida ni kwamba rauta nyingi zinazotolewa na watoa huduma zimefungwa: mteja huonyeshwa orodha ya vifaa vilivyounganishwa, lakini haonyeshwi kila kifaa kimetumia kiasi gani. Hapo ushauri wangu ni kuweka rauta yako mwenyewe nyuma ya ile ya mtoa huduma, na ikiwezekana kuomba ile ya kwao iwekwe katika hali ya daraja (bridge), yaani ipitishe tu mawasiliano, ili isitafsiri anwani mara ya pili. Zipo njia mbili zinazojulikana vizuri huku kwetu. Ya kwanza ni MikroTik, kampuni ya Latvia iliyoanzishwa mwaka 1996, ambayo vifaa vyake mafundi wa mitandao wa mitaani wamevizoea. Ndani ya RouterOS kuna Torch inayoonyesha papo hapo nani anatumia nini, kuna Graphing inayochora grafu za porti bila kompyuta ya ziada, na kuna Traffic Flow inayotuma hesabu nje kwa atakayezihitaji. Ya pili ni OpenWrt, mfumo huru unaokubali rauta za kampuni nyingi, ambao unaweza kuuongezea kifurushi cha nlbwmon kwa hesabu za kila kifaa, au vnStat kwa jumla ya siku na ya mwezi. Kwa nyumba nyingi, mtu akishafanya hivyo na akawa ameridhika, hana sababu ya kufunga kitu kingine kwa ajili ya swali hili.

Lipo jambo moja litakaloharibu hesabu hizo usipolijua. Tangu Android 10 ya mwaka 2019 na iOS 14 ya mwaka 2020, simu hujitambulisha kwa anwani ya MAC (kitambulisho cha kifaa kwenye mtandao) ya kubuni, tofauti kwa kila jina la waifai. Kama nyumba ina majina mawili ya waifai, moja la sebuleni na moja la vyumbani, simu moja itaonekana kama vifaa viwili, na mzee wa nyumba ataanza kutafuta mwizi wa mtandao ambaye hayupo. Dawa yake ni kuzima anwani hiyo ya kubuni kwa waifai ya nyumbani tu, na kuiacha ikifanya kazi kwingineko kote.

Sasa nije kwenye swali la pili, la vifaa kuwa hewani. Programu iliyo ndani ya nyumba haiwezi kukuarifu kwamba intaneti ya nyumbani imekatika, kwa kuwa arifa yenyewe ingepita kwenye intaneti hiyo hiyo. Utaona kimya, na kimya hukiwezi kukitofautisha na heri. Kwa hiyo ufuatiliaji unaostahili jina hilo una sehemu mbili: iliyo ndani, inayoandika kumbukumbu, na iliyo nje, inayosubiri salamu. Wengine hudhani sehemu ya nje inaweza tu kubisha hodi nyumbani kwa pingi, yaani pakiti ndogo inayouliza kama kifaa kipo na kusubiri jibu. Kwa wateja wengi wa laini za simu hilo halifanyi kazi, kwa kuwa mtoa huduma huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya umma. Ukifungua rauta yako ukakuta anwani ya upande wa nje inaanzia 100.64 hadi 100.127, uko katika fungu lililotengwa mwaka 2012 kwa kazi hiyo hasa, na hakuna anayeweza kukufikia kutoka nje bila wewe kuanzisha mawasiliano kwanza. Wapo watoa huduma wanaotumia hata anwani zinazoanzia 10 kwa kazi hiyo hiyo, kwa hiyo ulinganishe anwani iliyo kwenye rauta na ile inayoonekana ukiwa nje. Zikitofautiana, jibu umelipata.

Njia iliyobaki ni kugeuza mwelekeo: mashine ya nyumbani itume salamu nje kila baada ya dakika chache, na aliye nje, akikosa salamu kwa muda mliokubaliana, akutumie ujumbe kwenye simu. Uptime Kuma ina aina ya kipimo kinachofanya hivyo, ukiifunga kwenye seva ndogo ya kukodi iliyo nje ya nyumba. Asiyetaka kukodi seva anaweza kutumia huduma kama Healthchecks.io, ambayo ina kiwango cha bure kinachotosheleza nyumba.

Sehemu ya ndani nayo ichague vizuri inachokipigia pingi. Mimi napendekeza ngazi ya vituo vinne. Cha kwanza ni rauta yako. Cha pili ni mashine ya kwanza ya mtoa huduma, ambayo utaiona katika mstari unaofuata rauta yako ukitumia traceroute, amri inayoorodhesha mashine zilizo njiani. Cha tatu ni seva iliyo ndani ya nchi, na cha nne ni seva iliyo mbali, Ulaya kwa mfano. Intaneti ikisumbua, unasoma ngazi kutoka chini na kuona ilikatikia wapi. Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipopata hitilafu upande wa kusini mwa Afrika na mtandao ukazorota katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Tanzania na Kenya zikiwemo, mtu mwenye ngazi ya namna hii aliweza kuona kwamba rauta na mtoa huduma wake walikuwa wazima na tatizo lilikuwa mbele zaidi, kwa hiyo hakuwa na haja ya kuzima na kuwasha modemu mchana kutwa. Tahadhari moja: wengi hutumia 1.1.1.1 au 8.8.8.8 kama kituo cha mbali. Anwani hizo hujibiwa na seva nyingi zilizotawanywa duniani, na huenda anayekujibu yuko Nairobi au Mombasa. Kwa hiyo zinafaa kukuambia kama umetoka nje ya mtoa huduma wako, lakini hazikuambii lolote kuhusu hali ya nyaya za baharini.

Kuhusu mashine ya kufungia programu hizi, Raspberry Pi (kompyuta ndogo ya ubao mmoja) ndiyo inayosifiwa, nami nitaipinga kidogo. Matoleo yaliyotangulia Pi 5 ya mwaka 2023 hayana saa inayoendelea kutembea umeme ukikatika, na Pi 5 yenyewe ina saa hiyo ila betri yake hununuliwa kando. Umeme ukirudi kabla ya intaneti, Pi huamka ikiwa na saa ya zamani, kisha huandika kumbukumbu kwa muda usio sahihi hadi itakapoweza kuuliza saa mtandaoni. Yaani chombo ulichokiweka kikuambie mtandao ulikatika saa ngapi kinapoteza saa katika tukio lile lile ulilotaka kulijua. Kadi za SD, ambamo Pi kwa kawaida huhifadhi data yake, nazo huchoka kwa kuandikwa mfululizo, na kukatika kwa umeme katikati ya kuandika huziharibu zaidi.

Laptopu kuukuu iliyowekwa Linux inashinda hapa kwa wepesi. Ina saa yake, ina diski yake, na betri yake, hata kama imebaki na uwezo wa nusu saa, ni UPS (akiba ya umeme) uliyokwisha kuilipia. Gharama yake ni umeme. Laptopu inayotumia wati 15 mchana na usiku itakula takriban uniti 11 kwa mwezi, ilhali Pi ya wati 4 itakula takriban uniti 3. Kila mmoja apige hesabu ya LUKU yake. Kama laptopu ina mpangilio wa kuzuia betri isijae zaidi ya asilimia 80, uwashe, kwa maana betri inayokaa imejaa mwaka mzima inaweza kuvimba.

Baada ya hayo yote ndipo majina ya programu yanapata maana. Uptime Kuma, iliyotolewa na Louis Lam mwaka 2021, ndiyo ninayoipendekeza kwa sehemu ya ndani na ya nje pia. Haihitaji seva ya hifadhidata ya pekee, hufunguliwa kwenye kivinjari kupitia porti 3001 (hapa porti ni namba ya mlango wa programu, si tundu la swichi), huhakiki kwa pingi, kwa porti, kwa tovuti na kwa DNS (huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani), na hutuma arifa kwa Telegram, kwa barua pepe na kwa njia nyingine nyingi. Upungufu wake ni kwamba haikuundwa kwa ajili ya kuchora matumizi ya bando, na asiichukue mtu akitarajia hilo.

Netdata hupima kila sekunde na inafaa unapotaka kujua kwa nini kompyuta fulani imelemewa; kuhusu mtandao mzima haina mengi ya kusema. PRTG ya kampuni ya Paessler ya Ujerumani ina toleo la bure lenye vipimo 100, ambavyo nyumba haiwezi kuvimaliza, na kurasa zake ni nzuri kwa asiyependa kuandika amri, ila seva yake huhitaji Windows inayowaka muda wote. Nagios, aliyoianzisha Ethan Galstad mwaka 1999 kwa jina la NetSaint, imefundisha kizazi kizima cha mafundi, lakini kumwambia mwenye nyumba wa leo aandike mafaili ya mipangilio kwa mkono ili ajue kama printa imewaka ni kumwonea.

Zabbix na LibreNMS ni za watu wenye vifaa vinavyozungumza SNMP, yaani swichi na rauta zinazokubali kuulizwa hesabu zao. Hapa kuna mambo mawili ya kuzingatia. La kwanza ni usalama: matoleo ya kwanza na ya pili ya SNMP hupitisha nenosiri likiwa wazi, na vifaa vingi hutoka kiwandani nenosiri likiwa "public". Lazima SNMP ifungwe upande wa intaneti, au litumike toleo la tatu lenye usimbaji, yaani kuficha data kwa msimbo. La pili ni vihesabio. Kihesabio cha zamani cha biti 32 hujaa kikifika baiti bilioni 4.29 kisha huanza sifuri. Porti ya megabiti 100 ikijaa kabisa hufika hapo chini ya dakika 6, na porti ya gigabiti moja hufika kwa sekunde 34 hivi. Ukisoma kila baada ya dakika 5 kwenye porti ya gigabiti, kihesabio kinaweza kuzunguka mara kadhaa bila wewe kujua, na grafu itakudanganya kwa kukuonyesha matumizi madogo kuliko yalivyokuwa. Tumia vihesabio vya biti 64. LibreNMS huvichagua yenyewe pale kifaa kinapovitoa, na anayejitengenezea grafu zake inambidi avitafute.

Prometheus na Grafana nimeziacha mwisho kwa sababu ndizo zinazowavuta vijana kwa uzuri wa grafu. Prometheus ilianzia kampuni ya SoundCloud mwaka 2012, na kwa mpangilio wake wa awali hutunza data kwa siku 15 tu. Ni jozi yenye nguvu sana, lakini ni vipande: kimoja cha kukusanya, kimoja cha kuchora, kimoja cha kutuma arifa, na kipande kingine kwa kila aina ya kifaa unachotaka kukisoma. Anayefurahia kuviunganisha avichukue. Asiyefurahia atakuwa amejipatia mfumo wa pili unaohitaji kufuatiliwa.

Karibuni kwa maswali na hoja.

#2 Mchangiaji, Mombasa

Ndugu, shukrani kwa maelezo. Mimi natumia rauta ya laini ya simu yenye kifurushi chenye kikomo. Ningependa programu inipimie kasi kila saa ili nikimpigia mtoa huduma niwe na ushahidi mkononi. Je, katika hizo ulizozitaja ipo inayofanya hivyo?

#3 Mwanzisha uzi

Ndugu yangu, zipo zinazofanya hivyo, lakini pigia hesabu kwanza. Kipimo cha kasi hufanya kazi kwa kujaza njia. Kama laini yako ni ya megabiti 50 kwa sekunde na kipimo cha kushusha kinachukua sekunde 10, umetumia megabiti 500, ambazo ni takriban megabaiti 62, kabla ya kuhesabu upande wa kupandisha. Ukifanya hivyo kila saa, ni gigabaiti moja na nusu kwa siku na kama gigabaiti 45 kwa mwezi. Kifurushi chako kitaliwa na kipimo. Zaidi ya hayo, kwa sekunde zile 10 unawapunja walio ndani ya nyumba, na mtu akiwa anatazama mpira wakati huo, kipimo kitasoma kasi ndogo ambayo haikusababishwa na mtoa huduma.

Pingi ni nafuu mno. Pingi ya kawaida ya Linux ni baiti 84 kwenda na 84 kurudi. Ukipiga mara moja kila dakika, kwa siku nzima unatumia takriban kilobaiti 242, kiasi ambacho hutakiona kwenye kifurushi. Ukipiga kila sekunde, inafika megabaiti 14.5 kwa siku, ambazo kwa mwezi ni zaidi ya megabaiti 430, na kwa kifurushi kidogo zitaonekana. Mimi ningepiga kila dakika kwa vituo vyote vinne, kisha ningetazama mambo mawili: muda wa kurudi na asilimia ya pakiti zinazopotea. Laini iliyolemewa hujionyesha humo: muda wa kurudi uliokuwa milisekunde 40 asubuhi unapanda hadi mia kadhaa jioni, siku baada ya siku. Kwa kazi hii SmokePing ya Tobias Oetiker, aliyetuletea pia MRTG na RRDtool, huchora vizuri kuliko zote, kwa kuwa hutuma pingi kadhaa kwa mkupuo na kuonyesha jinsi majibu yanavyotofautiana. Kwa mpangilio wake wa kawaida ni pingi 20 kila dakika 5, yaani takriban megabaiti moja kwa siku kwa kila kituo.

Kipimo cha kasi kiwe mara mbili kwa siku, alfajiri watu wamelala na usiku mtandao ukiwa na msongamano, na kifanywe kwa waya badala ya waifai. Ushahidi wa aina hiyo, ukiambatana na muda wa kurudi wa mashine ya kwanza ya mtoa huduma, ni mgumu kuukanusha.

#4 Mchangiaji, Arusha

Mkuu, kwa heshima, Zabbix umeipunja. Ni ya bure yote, haina toleo la kulipia lililofichiwa vitu vizuri, na tangu Alexei Vladishev aitoe kwa umma mwaka 2001 imekuwa ikikua bila kusimama. Mimi naifunga nyumbani kwa vifaa visivyozidi kumi na inafanya kazi. Tena kuna jambo hukulitaja: Zabbix inajua utegemezi. Swichi ikizimika, naweza kuiambia isinitumie arifa za kamera zote zilizo nyuma yake. Hiyo Uptime Kuma yako itanitumia ujumbe mmoja kwa kila kamera. Na kijana anayetafuta kazi ya mitandao akiijua Zabbix ana cha kuandika kwenye wasifu wake.

#5 Mwanzisha uzi

Mkuu, hoja ya utegemezi ni ya kweli na ilistahili kutajwa. Nagios nayo ina jambo hilo tangu zamani, ambapo kila kifaa hupewa mzazi wake. Hoja ya kujifunza pia naikubali bila masharti: anayetaka kuijua Zabbix aifunge nyumbani, kwa sababu nyumbani akiiharibu hakuna anayekatwa mshahara.

Nisichokubali ni kuipendekeza kwa mtu ambaye lengo lake ni mtandao wa nyumbani kutulia. Zabbix inakuja na seva yake, hifadhidata ya MySQL, MariaDB au PostgreSQL, na kurasa zinazohitaji PHP. Kila kimoja kati ya hivyo kina masasisho yake, na kuhama toleo kubwa moja kwenda lingine kunahitaji kusoma maelekezo vizuri kabla ya kugusa chochote. Wewe unaweza. Mwalimu aliyestaafu mwenye kamera nne hawezi, na siku itakapokwama atamwita fundi. Kipimo ninachokitumia kuamua ni kama mwenye nyumba anaweza kuirudisha programu hiyo peke yake baada ya diski kuharibika. Kwa Uptime Kuma, ni kurudisha folda moja ya data. Kwa Zabbix, ni kazi ya jioni nzima kwa anayejua anachokifanya.

#6 Mchangiaji, Nairobi

Huku kwetu wengi tumehamia Starlink tangu ianze kutoa huduma Kenya mwaka 2023. Je, ushauri wako unabadilika?

#7 Mwanzisha uzi

Haubadiliki sana. Mteja wa kawaida wa nyumbani naye yuko nyuma ya anwani ya pamoja, kwa hiyo salamu za kutoka ndani kwenda nje ndizo zitakazokufaa. Kilicho tofauti ni kwamba dishi lenyewe linatoa takwimu zake kwa anwani 192.168.100.1, hata pale unapotumia rauta yako mwenyewe badala ya ile yao, ilimradi rauta hiyo iwe na njia ya kufika anwani hiyo. Humo unaona muda wa kurudi, pakiti zinazopotea, na sehemu ya anga iliyozibwa na mti au paa. Hilo la mwisho ndilo la thamani, kwa sababu katika ngazi ya pingi mti na mtoa huduma huonekana sawasawa. Wapo waliokwisha kuandika visomaji vya takwimu hizo kwa ajili ya Prometheus, na hapa nakubali kwamba jozi ya Prometheus na Grafana inalipa jasho lake, maana kukatika kwa sekunde chache chache hakuonekani kwa pingi ya kila dakika.

#8 Mchangiaji, Mwanza

Kaka, mimi nina nyumba yenye wapangaji sita, na intaneti ni yangu, wao wananichangia kila mwezi. Nataka programu itakayonionyesha kila mmoja anafungua tovuti gani, maana kuna anayemaliza kasi yote.

#9 Mwanzisha uzi

Kaka, umeuliza maswali mawili kwa pamoja, nami nitayatenganisha. Anayemaliza kasi utamjua kwa kiasi, bila kujua anafungua nini. Mpe kila mpangaji jina lake la waifai au fungu lake la anwani, kisha weka ukomo wa kasi kwa kila fungu kwenye rauta. MikroTik hufanya hivyo kwa foleni zake, na OpenWrt ina SQM kwa kugawa njia kwa haki. Ukishaweka ukomo, tatizo lako limekwisha hata kama mpangaji huyo atashusha filamu usiku kucha, na hutahitaji kumfuatilia tena.

Kuhusu tovuti, kwanza utaona kidogo kuliko unavyodhani. Mawasiliano mengi ya leo yamesimbwa, kwa hiyo utaona jina la tovuti tu, na kwa mwenye simu iliyowekwa kutumia DNS iliyosimbwa hata hilo ni vigumu zaidi kuliona, na mwenye VPN (njia ya mawasiliano iliyofichwa) hutamwona hata hilo. Programu kama Pi-hole au AdGuard Home huandika kila jina lililoulizwa na kila kifaa, nazo ni nzuri kwa kuzuia matangazo, lakini orodha hiyo ni kumbukumbu ya maisha ya watu: hospitali waliyoitafuta, benki yao, ibada zao. Wapangaji wanaokulipa si watoto wako. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na mtu anayekusanya taarifa za wateja wanaomlipa hawezi kujitetea kwamba ni mambo ya familia yake. Ukifunga Pi-hole kwa ajili ya matangazo, nenda kwenye mipangilio ya faragha na uweke kiwango kinachoficha majina na vifaa, kisha uwaambie wapangaji kwamba ipo.

#10 Mchangiaji, Mombasa

Ndugu, nimefunga Uptime Kuma kama ulivyoelekeza na pingi zinaenda. Sasa simu inalia usiku kucha: printa imelala, televisheni imezimwa, simu ya mke wangu imetoka nje ya waifai. Nifanyeje?

#11 Mwanzisha uzi

Ndugu yangu, ondoa simu zote na televisheni kwenye orodha. Kifaa ambacho kuzimwa ni hali yake ya kawaida hakifuatiliwi kwa pingi. Printa iache, lakini izimie arifa, ili uione tu unapofungua ukurasa.

Arifa zibaki kwa vitu vitatu: swichi (kama ni ya aina yenye anwani yake, inayoweza kujibu pingi), mashine ya kurekodia kamera, na salamu ya kwenda nje. Kamera moja moja ziweke bila arifa. Hilo litakupunguzia pia ule msururu wa ujumbe ambao mkuu wa Arusha ameusema, kwa maana swichi ikizimika utapata habari ya swichi na ya mashine ya kurekodia, basi. Kisha fungua kila kipimo na utafute idadi ya majaribio kabla ya kutangaza kifaa kimeanguka. Iweke tatu, kwa muda wa dakika moja kati ya jaribio na jaribio. Pakiti moja kupotea kwenye waifai ni jambo la kawaida na halistahili kumwamsha mtu. Kwa salamu ya nje, upe muda wa dakika 10, kwa sababu rauta ya laini ya simu ikijiwasha upya huchukua dakika kadhaa kurudi hewani. Rauta yenyewe usiiwekee arifa kutoka ndani: ikianguka, ujumbe hauna pa kupitia, na kazi hiyo tayari inafanywa na aliye nje.